Injini Chini ya Sauti za Kwaya

Gari lile nililiona kwanza kwa nyuma, chini ya majani makavu ya migomba, katika ua wa nyumba ambayo mwenyewe, mhandisi wa reli, alikuwa ameihama na familia yake. Mlinzi aliyeachiwa nyumba aliniita nimpimie maji ya kisima, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa fizikia na kemia na watu walidhani najua kila kilichomo ndani ya chupa. Sikupima maji siku ile. Nilifagia majani kwa mikono, na chini ya vumbi ikatokea rangi ya buluu, kisha paa lililoteremka kwa mgongo laini hadi kwenye taa za nyuma za mviringo. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, la milango miwili, la zamani, lililonizidi umri kidogo tu. Lilikuja kwa treni kutoka nchi za kusini, na kwa hiyo usukani wake ulikuwa upande wa kulia, kinyume na magari yote ya Kamina. Moyo ulinienda mbio kama wa mtu aliyeitwa jina lake katikati ya umati.

Mhandisi alikubali kuliuza. Nilitoa baiskeli yangu na mafurushi ya samaki wakavu ambao mjomba alinitumia kutoka Kinkondja, na tukalisukuma gari hadi kwetu, nyuma ya kanisa la Wamethodisti, mimi na binamu yangu aliyekuwa fundi katika karakana ya reli. Baba yangu, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, alilizunguka akiwa ameshika mikono nyuma.

"Viti iko ngapi?" aliuliza.

"Viwili, Tata. Nyuma kuna nafasi kidogo ya mizigo."

"Mutuka ya bantu babili! Na mama yako atakaa wapi? Ku toit?"

Binamu alilitazama paa, akacheka hata akalazimika kuegemea ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na imani moja niliyoishika kama wengine wanavyoshika katekisimu: kwamba nchi yetu iliumia kwa sababu kila mtu alikuwa akifungua kitu ili achukue kipande, na hapakuwa na mtu aliyefunga tena. Reli ilifunguliwa vyuma, shule zilifunguliwa mabati, hospitali ikafunguliwa milango na mabomba. Nilitaka kuchukua kitu kimoja kilichovunjika na kukirudisha kizima, kizuri kama kilivyokusudiwa na aliyekichora. Nilimweleza baba hayo yote, nikiwa nimesimama wima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini mama yako iko anangojea jibu."

Vita vilikuwa vimeanza upya, na kituo cha kijeshi nje ya mji kilijaa askari. Wakati huo kila mtu mjini alijua kanuni moja: gari linalotembea si lako. Lilionekana barabarani asubuhi, jioni likawa limebeba wanajeshi kwenda mstari wa mbele wa vita, na halikurudi. Kwa hiyo wenye magari walijifunza kuyatunza yakiwa vipande. Injini ililala nyumba moja, magurudumu nyumba nyingine, betri kwa shemeji. Sisi tulifanya kazi hiyohiyo kinyumenyume, tukilikarabati gari bila kuliunganisha. Kabureta nililisafisha chumbani kwangu na kulilaza ndani ya pipa la unga wa muhogo. Mlango mmoja ulikuwa kizuizi cha banda la kuku, na kuku waliuzoea. Magurudumu tuliyagawa kwa waimbaji wa kwaya tuliowaamini, na moja, kwa wazo la binamu, tulilisukuma chini ya jukwaa dogo la mbao la kiongozi wa kwaya kanisani, baba akiwa safarini Bukama.

Ni furaha gani niliyoipata katika miezi ile! Gasiketi ya kichwa cha injini, ile inayoziba kati ya vyuma viwili, ilikuwa imeungua, na mpya haikupatikana popote. Binamu alileta bamba jembamba la shaba, tukalichora kwa kulilaza juu ya injini, tukalikata, tukalipasha moto mpaka likawa jekundu ili lilainike. Nilipoliona limekaa mahali pake, shaba ya ardhi yetu katikati ya chuma cha Japani, nilitaka kuwaita wanafunzi wangu wote waje watazame. Kutu tuliikwangua kwa mchanga na matambara. Nilijifunza kwamba uzuri wa gari lile haukuwa pambo. Kila mkunjo wa bati ulikuwa na kazi yake, ama kulipa nguvu au kuupisha upepo, na jambo hilo lilinifurahisha kama uthibitisho wa hesabu.

Ikabaki kuwasha. Hapo tulikwama, kwa sababu sauti ya injini haiwezi kufichwa ndani ya pipa la unga. Binamu ndiye aliyepata njia.

"Professa, Alhamisi Tata yako iko na repetisyon ya kwaya. Ngoma, bantu, bamama ba soprano. Nani atasikia kitu?"

Alhamisi hiyo tulifunga injini yote, tukamimina chupa moja ya petroli na kuiweka ya pili kando. Gari lilikuwa katika banda la nyuma ya nyumba, juu ya matofali, bila magurudumu wala milango. Nilikaa kwenye usukani. Kanisani ngoma zilianza, sauti zikapanda, nikageuza ufunguo. Ilikohoa, ikakataa. Tukasubiri ubeti mwingine. Ikakohoa tena, ikatema moshi, halafu ikashika, ikanguruma, na bati lote likatetemeka mgongoni mwangu kama ngozi ya mnyama aliyeamka! Binamu alirukaruka, nami nikakanyaga mafuta, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo.

Tulisahau kwamba baba, tangu vita virudi, alikuwa akimalizia mazoezi ya kwaya kwa maombi ya kimya kwa ajili ya walioko mbele. Kanisa zima lilikuwa limeinamisha vichwa katika ukimya, na katika ukimya huo injini yangu ikihubiri peke yake.

Niliizima nilipomwona baba kwenye mlango wa banda. Nyuma yake alisimama askari mwenye bunduki begani, aliyekuwa akipita barabarani na kusimama kusikiliza nyimbo.

"Papa, ile sauti iko ya nini?"

Baba hakuwahi kusema uongo, na alitulea hivyo. Nilijua gari limekwisha.

"Iko mutuka ya mutoto wangu," alisema.

"Inatembea?"

"Inalia. Kutembea, bado."

Askari aliingia. Alizunguka hadi upande wa kushoto, akatafuta usukani, akakuta kiti kitupu. Akanigeukia. "Na magurudumu?"

Ningeweza kusema yaliibwa. Nusu ya mji ilikuwa imeibiwa. Lakini kama ningelihifadhi gari hilo kwa uongo, ningekuwa nimefungua kitu kingine na kuchukua kipande.

"Iko, chef. Lakini pahali iko, sitasema."

Binamu alifumba macho. Askari aliishusha bunduki begani, polepole. Ndipo baba akakohoa, kama anavyofanya kabla ya kuwapa waimbaji sauti.

"Chef, angalia muzuri. Iko ya bantu babili. Commandant moja, chauffeur moja ya kuendesha. Na weye utakaa wapi? Ku toit?"

Askari alilitazama lile paa la mteremko. Nadhani alijiona juu yake, bunduki mkononi, akiteleza. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa mlango usiokuwepo. "Hapana, papa. Ku toit, hapana." Aliichukua chupa ya pili ya petroli, akaiweka kwapani, akaenda zake.

Kisha baba akaja upande wa kushoto, akainama kwa shida, akaingia, akaweka mikono yake magotini.

"Washa."

"Tata, petroli iliyobaki ni kidogo."

"Njo maana washa sasa. Tupeleke Bukama."

Niliwasha. Ilishika mara moja. Waimbaji walikuwa wamejaa mlangoni, na kwa kuwa baba alikaa mahali ambapo madereva wote wa Kamina hukaa, kina mama wa soprano walimpungia yeye na kumsihi asikimbize sana. Aliwapungia pia, kwa heshima. Tulisafiri hivyo, juu ya matofali, mpaka injini ikapunguza sauti, ikasita, ikanyamaza.

Baba hakushuka. Alipapasa bati mbele yake kwa kiganja.

"Ile gurudumu moja ya chini ya jukwaa," alisema kwa sauti ndogo, "muiache pale pale. Kila Alhamisi minyi niko nasimama juu yake."