Samli ya Mama Mkwe na Mafuta Yangu ya Kivumbasi

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, ila siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Nyahanga, na wiki ile nilikuwa na wanafunzi tunachemsha majani ya kivumbasi na kukinga mafuta yanayotoka na mvuke. Somo likanilewesha: mafuta yale yana kemikali ileile inayonukia kwenye karafuu, na kidogo tu inazuia hewa isichachishe mafuta mengine. Jumamosi nikaenda Kharumwa kwa mama mkwe, maana wifi yangu Kabula alikuwa anaposwa, nikakuta ndoo ndogo ya samli aliyoisukasuka mwenyewe, kaitenga kwa ajili ya wageni. Nikasema ngoja niilinde isichache kwa kichupa cha mafuta yale nilichokuja nacho. Nikatia tone moja, nikanusa, sikusikia kitu. La pili, wapi! (Wiki nzima nimeshinda kwenye ule mvuke, pua imekufa ganzi, na mwalimu mzima sikuliwaza hilo.) Nikamimina kichupa chote.

Basi wageni wakaja, wakaandaliwa wali, kuku, na mboga, vyote vimeungwa kwa samli ile. Baba mkubwa wa muoaji akanusa tonge lake, akamuuliza mama mkwe kwa upole, "Mama Masanja, hapa mnafukuza mbu au mnatufukuza sisi?" Kwetu kivumbasi kinachomwa mlangoni mbu waondoke, hakipikiwi wakwe. Kabula akainama, machozi yanamlenga. Ningenyamaza yangepita, lakini mdomo wangu huu!

"Shikamooni wazee, msiogope, ni kemikali tu nimeongeza."

Neno hilo, mbele ya wachimba dhahabu! Baba mdogo wa muoaji, mwenye shimo lake la kuchimba, akaweka sahani chini. "Mwalimu, kemikali kwetu ni zebaki na sayanidi. Hii ya kwako ni ipi?" Mikono yote ikatoka kwenye sahani, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kusogeza viti nyuma, mmoja akaanza kuulizia maziwa ya kukata sumu.

Mama mkwe akaja, akakaa katikati yao, akachota samli kwa vidole, akala. "Huyu ni mkamwana wangu. Kama katia sumu, nife mimi kwanza. Haya, kuleni." Akachota tena, machozi yanamtiririka kwa ule ukali, mpaka yule baba mdogo akacheka, akavuta sahani yake. Posa ikapokelewa.

Jioni nikampigia magoti. Akaniambia tu, "Mama Neema, samli yangu haimalizi wiki mbili humu ndani. Ingechacha saa ngapi?" Tangu hapo nimeapa chakula cha mtu sikiongezi hata chumvi bila kumuuliza. Nilimsihi aimwage iliyobaki, akakataa, akaila peke yake mpaka ikaisha, eti kazi ya mkono wa mwanawe haitupwi.