Mwanzo wa Neno

Kazini walimwita Bi Maelezo, maana kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya programu ambazo wenzake walizitengeneza kisha wakaona uvivu kuzieleza. Kaka yake, fundi cherehani, alimtania kwamba iko siku ataibandikia hata birika maelezo ya kuchemsha maji.

Saratani ya koo ilipomnyang'anya kaka sauti, Bi Maelezo alimwekea kompyuta kuukuu yenye programu ya kusema. Kaka akiandika, yenyewe inasoma. Ila ikikaa kimya kwa muda, neno la kwanza linatoka nusu. "Naomba chai" ikawa "omba chai". Mkewe alicheka: "Siku hizi mume wangu ananiamrisha!" Kaka naye akacheka, mabega tu yakitikisika. Hakuna aliyelifuatilia jambo hilo.

Asubuhi moja, wifi akiwa kazini, kaka alizidiwa. Bi Maelezo alikuwa jikoni akimpashia supu, akasikia ile sauti ya bati kutoka chumbani: "Nipeleke hospitali."

Hakusubiri. Alimwita jirani mwenye gari, wakambeba, kompyuta ikabaki chumbani. Njiani kaka alimng'ang'ania mkono, akitikisa kichwa. Bi Maelezo alidhani ni maumivu.

"Jikaze, kaka. Tunafika."

Wodini, akiwa na mipira puani, kaka alimvuta karibu. Akaumba neno kwa midomo, polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: u-si-ni-pe-le-ke.

Bi Maelezo akamkimbilia daktari.

"Nataka kurudi naye nyumbani."

"Dada, nikimtoa kwenye oksijeni hafiki getini."

Kaka alifia palepale, nyuma ya pazia la kijani, huku mgonjwa wa kitanda cha pili akiulizia chakula.

Baada ya mazishi, Bi Maelezo aliifungua ile kompyuta. Ili kuokoa betri, kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, kilikuwa kinailaza chipu ya sauti kukiwa kimya. Chipu ikiamshwa, inameza mwanzo wa sauti. Maelezo rasmi yalikuwa mstari mmoja: muda wa kusubiri kabla ya kuilaza. Basi. Kinachopotea ikiamka hakikutajwa, wala namna ya kuizuia isilale.

Akayaandika upya maelezo hayo, akayatuma kwa wanaoutunza mfumo huo. Msimamizi wa sehemu ile, mtu wa mbali ambaye hawakuwahi kuonana, alimjibu: "Ni nusu sekunde tu. Nani atajali?"

Hakumsimulia habari za kaka. Alimjibu, "Mtu ambaye kompyuta ndiyo mdomo wake." Maneno yake yakapunguzwa nusu, kisha yakapokelewa.

Akaenda kumweleza wifi, aliyekuwa akikunja mashati ambayo wateja wa marehemu hawakuja kuyachukua.

"Kwa hiyo mashine ndiyo iliyomeza?"

"Ndiyo, wifi."

"Na ilikuwa inameza kila siku, sisi tunacheka."

"Ndiyo."

"Nilimwahidi atafia kitandani kwake," wifi alisema. Hakumkaribisha kukaa.

Bi Maelezo akatoka mlangoni, akaingia, akachukua shati la juu, akaanza kukunja.