Nilifungua tanuru la mkaa la baba kabla halijapoa

Wakuu, heshima kwenu. Hili lilinitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi hata punje.

Nina kibanda cha simu pale Mirongo. Wazazi wangu waliishi nje ya mji, ufukweni mwa ziwa kabisa. Mwaka huu mama akafariki, nikaenda kukaa na baba.

Wiki ileile upepo ukaangusha mkwaju alioupanda mama alipoolewa.

Baba akasema mti huo atauchoma mkaa, na mkaa huo ndio utakaopika pilau ya arobaini ya mama. Mzee alichoma mkaa ujana wake wote.

Kwa msiojua, magogo yanafunikwa majani na udongo, yanaachiwa matundu ya hewa, halafu yanawashwa; hilo ndilo tanuru. Kuni hazitakiwi kuwaka, zinatakiwa kuiva taratibu bila hewa. Moshi ukigeuka bluu, unaziba matundu yote na kuacha lipoe siku kadhaa.

Baba alipomaliza kuziba, kifua kikambana. Dada akampeleka zahanati.

"Usiguse mpaka nirudi," baba akaniambia.

Kesho yake nikagusa udongo, wa baridi. Nikajiona fundi. Nikataka mzee akirudi akute magunia yamejaa, afurahi kidogo.

Nikafukua upande wa ziwani. Ilikuwa saa nane mchana, upepo wa ziwa unavuma.

Tanuru zima likalipuka moto. Nilimwaga maji ndoo kwa ndoo, sikufua dafu.

Baba akarudi jioni. Nikamwamkia shikamoo, akanipita. Akaenda kulizunguka lile jivu.

"Ulifungulia upande gani?"

"Wa ziwani, baba."

"Upepo unakotoka," akasema, akaingia ndani.

Wakuu, bora angenitukana.

Arobaini tukapikia mkaa wa kununua sokoni Mkuyuni. Watu walikula wakasifia. Baba hakugusa sahani yake. Jirani akamuuliza kulikoni, akajibu amefunga.

Asubuhi ileile mimi ndiye niliyempelekea chai, na aliimaliza.

Fundisho nililopata: mtu anayeijua kazi akikwambia subiri, subiri, hata kama unataka kumfurahisha.

Jivu bado lipo palepale, baba hataki lizolewe. Kila jioni anaweka kiti karibu yake.

Mnaoishi na wazee, nishaurini. Nimuombe msamaha vipi mtu ambaye hajanilaumu hata siku moja?