Kahawa ya Rangi ya Karanga

Juzi nilirudi Kisangani, na harufu ndiyo iliyonisimamisha sokoni. Mama mmoja alikuwa akikaanga kahawa kwenye sufuria, mbegu zikaanza kupasuka, pa, pa, kama kuni mbichi motoni.

Unajua, rafiki yangu, miaka ile ya hamsini bibi yangu, mzaa papa, yaani baba yangu, alikaangia kwenye chungu cha udongo, nami nikikoroga kwa kijiti. Mbegu zikianza tu kupasuka, alipiga kelele: "Toa! Mutoto, toa sasa! Unangoja nini, iwe makaa?" Tulizimwaga kwenye ungo zikiwa na rangi ya karanga. Kahawa yake ilikuwa nyepesi, na uchachu kidogo, na ladha ya mahindi ya kuchoma. Alidai ulimi wake unaijua iliyotoka upande wa Bafwasende. Ukizidisha moto, alisema, zote zinakuwa kitu kimoja, uchungu mtupu.

Nyeusi aliikaanga wakati wa kilio tu. Aliona si adabu kumpa mfiwa kinywaji kitamu.

Papa alikuwa akienda Basoko kwa mtumbwi kununua samaki wa moshi, na siku ya kurudi kwake ile nyepesi ilimngoja. Safari moja alichelewa. Siku zikapita. Alasiri moja mimi na mama tulikuwa tunatoka sokoni, yeye na kikapu cha sombe, majani ya muhogo, kichwani, harufu ikatufikia kabla hatujaiona nyumba. Nzito, ya kuungua.

"Bibi amesahau kutoa," nikasema.

Mama alishusha kikapu katikati ya njia, akakaa chini kando yake. Nilikimbia peke yangu hadi uani. Jirani aliyeleta habari ya mtumbwi kupinduka alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Bibi alikuwa anakoroga mwenyewe, mbegu zinang'aa mafuta, moshi usoni. Hakuniangalia. Hakuniambia nitoe.

Tangu hapo nimezunguka sana: Bujumbura, Kampala, Lubumbashi. Kila mahali wananimiminia kahawa nyeusi, huku wanacheka na kubishana juu ya mpira. Nami nakunywa kimya, kama niliyeketi matangani kwa watu nisiowajua.

Kwa hiyo juzi, mbegu zilipopasuka, nilishindwa kujizuia. "Toa sasa, mama."

Alicheka. "Eh, papa! Hii iko mbichi bado. Nani atakunywa?"

Nilitafuta moyoni mtu aliye hai anayeinywa hivyo, nimtajie jina. Sikumpata. Akaendelea kukoroga, nami nikasimama pale hadi zikawa nyeusi.