Monita ya Kumwona Mama

Donatille wa Richfield, Marekani, hanunui kitu bila kukitoa nje. Ndivyo alivyolelewa, akishinda kwenye kibanda cha vitenge cha mama yake sokoni Uvira, Kongo, ambako mteja mwenye akili zake alibeba kitenge hadi juani kwanza. Kibandani kila rangi ni tamu, jamani!

Basi Jumamosi ile kwenye duka la kompyuta akajitwika boksi la monita, huyoo mlangoni. King'ora kikalia, mlinzi akaja mbio. Blandina, mwanafunzi Mtanzania anayeuza pale, naye akamkimbilia.

"Shikamoo, mama. Unaipeleka wapi?"

"Marahaba. Juani, mwanangu. Nitachaguaje kitu cha macho chini ya mataa haya?"

Msimcheke. Macho yake hayavumilii mwanga mkali. Kompyuta ya nyumbani ilimtoa machozi. Jumapili, akimpigia mama yake kwa video, alikuwa akifumba macho na kusikiliza sauti tu. Jumapili iliyopita mama akamkatiza: "Siku hizi nikiongea unafumba macho. Umenichoka?" Donatille akaapa sivyo. Mama akajibu, "Haya." Hiyo "haya" ilimuuma wiki nzima.

Blandina alicheka mpaka mlinzi naye akacheka, kisha akasogeza monita mbili za maonyesho karibu na dirisha, theluji ikimeta nje. Ya kwanza, ikiwa imezimwa, ilimrudishia Donatille sura yake yote, hadi hereni.

"Inang'aa mno hii. Toa."

Ya pili haikurudisha kitu. Blandina akaiwasha, akapunguza mwanga, akaitia umanjano kidogo. Donatille akaisogelea. Ulikuwa mwanga wa kibandani alasiri, jua likichujwa na turubai, mama akikunja vitenge huku akiimba za kanisani, na yeye mdogo amejilaza juu ya marobota. Alipakumbuka mahali pale, akajifuta macho.

"Mama, macho yanauma?" Blandina akauliza.

"Hapana. Hii ndiyo yenyewe."

Kesho yake, baada ya ibada, mama akatokea kwenye monita mpya. Donatille akamkodolea macho, wala hayakumuuma. Akaona mashavu yaliyobonyea, na shingo iliyopotea ndani ya kola.

"Mama! Umekonda hivyo tangu lini?"

"Ni siku nyingi, mwanangu," mama akasema, akitabasamu. "Leo ndiyo umeniona."