Sentensi ya Arobaini na Moja

Nyumbani walimwita Profesa tangu siku alipoanza shahada ya pili, naye hakukanusha. Nani hukataa cheo cha bure? Kazi yake ilikuwa kuchora sentensi kama miti iliyopinduliwa, matawi chini, akitafuta kanuni zinazomfanya mtu akubali sentensi moja na kuikataa nyingine, hata kama hajawahi kuzisikia zote mbili. Wataalamu huiita sintaksia zalishi. Bibi yake, mmoja wa wachache waliobaki wakizungumza lugha ya kwao, aliiita upuuzi wa kulipiwa ada.

Hata hivyo bibi ndiye aliyekuwa shahidi wake. Likizo nzima walikaa jikoni, simu ikirekodi kati ya sufuria. Profesa alitunga sentensi, bibi akahukumu: inasemeka, haisemeki. Ila bibi hakujua kuishia hapo. Kila hukumu aliifuatishia kikohozi, umbea na habari za watu waliokwisha kufa.

Sentensi zinahitaji watu, na mwanaisimu akiishiwa watu humchukua aliye mbele yake. Ya arobaini na moja, kwa lugha ya kwao, ilisema: bibi alikufa kabla mjukuu hajafika.

"Mke mwenzangu, umeshanizika?" bibi aliuliza, akicheka. Kisha akasema, "Inasemeka. Ila..." na akaendelea kwa muda mrefu. Profesa alikuwa anaandaa ya arobaini na mbili. Hakusikiliza.

Aliporudi chuoni alizikata rekodi zote zibaki hukumu tupu, kama walivyofundishwa, na zile ndefu akazifuta ili simu ipumue. Kwenye ya arobaini na moja mkono uliteleza, neno moja la ziada likabaki. Hakujali. Data ilikuwa safi, na alijivunia.

Miezi minne baadaye shangazi alipiga simu: hali ya bibi si nzuri, njoo.

"Shangazi, nimalize sura ya tatu. Ijumaa nakuja."

Bibi alifariki Alhamisi.

Tangu hapo hakupata raha. Alipekua simu, kompyuta, hata barua pepe za zamani. Sauti ya bibi ilibaki na maneno mawili tu, yakirudiwa mara mia mbili, na "ila" moja. Alimuuliza shangazi bibi alisema nini siku ile ya sentensi ya arobaini na moja.

"Mimi nilikuwa naosha vyombo, mwanangu. Nilisikia mnacheka tu."

Akaanza kuisikia ile "ila" akiwa kwenye foleni ya maktaba, akipiga mswaki, karibu kabisa na sikio. Aliogopa, na alitamani iendelee. Alitaka kuitoa sentensi ile kwenye tasnifu. Msimamizi wake akakataa katakata. Bila hiyo, sura ya tatu ingeanguka, na shahada nayo.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini kutoka chuo kingine, mzee mpole wa miwani, aliomba kusikia ushahidi. Profesa akabonyeza.

"Inasemeka. Ila—"

Mtahini alisubiri, kisha akainua macho. "Ila nini?"

"Sijui," alisema. "Nilikata mwenyewe."

Walimpitisha, kwa masharti ya sahihisho moja tu. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu, ubavuni mwa sentensi ile: mtafiti arudi kwa msemaji, amuulize.