Moto Aliobebeshwa Mwinjilisti Chibago

Watu wa Chinyambwa wakimtaja mjomba wangu, Mwinjilisti Stefano Chibago, huanza na ule moto. Mimi huanza nyuma kidogo, kwa sababu mama yake, yaani bibi yangu, ndiye aliyenilea, na aliyonisimulia yeye si yale yanayosemwa vilabuni.

Kabla ya ubatizo Chibago alikuwa mpiga zeze. Akialikwa harusini, hata wenye ng'ombe wengi walimpisha kigoda. Bibi naye aliongoza ngoma za wanawake, zile za muheme zilizowambwa ngozi ya kenge, zinazobanwa mapajani. Yeye na shoga yake Mbeleje wakianza kupiga, mgonjwa aliyelala ndani alitingisha mabega.

Miaka ile ya baada ya vita kubwa akaja Padre Holimani, Mzungu mwembamba mwenye pikipiki, akajenga kanisa la udongo chini ya kilima. Alimfundisha Chibago kusoma. Wakawa wanakula pamoja ugali wa uwele na mlenda, wakibishana habari za Mungu mpaka mboga inaisha. Chibago alimpenda kama baba.

Siku chache kabla ya ubatizo, Padre akamwuliza, "Chibago, ukipiga zeze unawaimbia akina nani?"

"Walio hai, Padre. Na waliolala pia."

"Basi hapo ndipo penye shida. Huwezi kuwaimbia wafu na kumtumikia Mungu. Nataka uwe mwinjilisti wangu. Watu hawa hawatanifuata mimi, watakufuata wewe. Anza wewe."

Akaanza. Mbele ya kanisa, watu wote wakitazama, alilitia motoni zeze aliloachiwa na marehemu baba yake. Kisha wakapita nyumba kwa nyumba, yeye mbele na Padre nyuma, kukusanya mazeze, marimba na ngoma za wale waliotaka kubatizwa, navyo vikachomwe. Walipofika kwa bibi walimkuta anapepeta mtama. Akamtazama mwanawe, akamtazama na Mzungu aliyesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ngoma yangu unaitaka wewe, au anaitaka yeye?"

"Anaitaka Mungu, mama."

Bibi akaingia ndani, akaitoa. "Haya, chukua. Kumbe Mungu wenu ana nafasi ya kuhangaika na ngozi ya kenge." Akarudi kwenye ungo wake. Baadaye alibatizwa, na kanisani hakukosa. Lakini mimi niliyekulia mgongoni kwake sikuwahi kumsikia akiimba, hata wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Mjomba aliitumikia ile kazi mpaka nywele zikageuka mvi. Wakati wa njaa alitembea vijiji vya mbali akiomba chakula kwa ajili ya wajane. Alizika watu ambao ndugu zao waliwaogopa. Ila habari ya ngoma hakuilegeza. Mbeleje aliposhikwa akipiga muheme kwenye sherehe ya jando la mjukuu wake, alitengwa na meza ya Bwana. Padre ndiye aliyeamua. Kutangaza ilikuwa kazi ya mjomba, naye alitangaza huku sauti inakatika.

Uhuru ukaja, vijiji vikahamishwa, kanisa likajengwa upya, sasa la bati. Padre Holimani alikuwa ameshazeeka. Akaletewa msaidizi kutoka kwao, padre kijana mwenye ndevu aliyependa sana kuuliza watu mila zao. Ndipo tukaitwa kwenye semina kuhusu imani na utamaduni.

Padre Holimani alizungumza vizuri siku ile, siwezi kukataa. "Injili ni mbegu," alisema, "na mbegu huota katika udongo wa mahali. Afrika ilimjua Mungu kabla sisi hatujafika. Aliyewaambia kwamba ngoma zenu ni za shetani hakuwajua ninyi, wala hakumjua Mungu." Vijana wakaingia na ngoma za muheme walizotengenezewa mjini, wakapiga. Walipiga ovyo, maana nani angewafundisha?

Mbeleje akasimama, mzee, kajishikiza kwenye benchi, akaamkia kikwetu. "Padre, mbukwa. Nauliza jambo dogo tu. Kama ni hivyo, zetu zilichomwa kwa nini?"

Padre akakohoa. Padre kijana alikuwa amemgeukia, anangoja jibu.

"Mama, jambo lile lilinihuzunisha hata mimi. Misheni haikuamuru. Wainjilisti wetu wa kwanza walikuwa na ari kupita kiasi, walitaka kuonyesha kwamba wameongoka. Sisi tulikuwa wageni, hatukuweza kuwazuia."

Kanisa zima likageuka kumtazama mjomba. Akasimama taratibu.

"Padre, hebu rudia. Huenda masikio yangu yamezeeka."

"Stefano, ni mambo ya zamani."

"Ulisimama mlangoni kwa mama yangu."

"Tusitafute mkosaji, ndugu yangu. Tusonge mbele." Akawapungia vijana mkono, ngoma zikaanza tena. Mjomba alibaki amesimama katikati ya kelele ile, mdomo wazi, mpaka mkewe akamvuta shati akaketi.

Kuanzia siku ile hakupumzika. Akienda bombani, wanawake wanamwita, "Mwinjilisti! Leo umekuja na ndoo au na kiberiti?" Walevi nao, "Shikamoo mzee wa majivu!" Waliocheka zaidi ni watoto wa watu aliowatafutia chakula wakati wa njaa.

Bibi alikuwa ameshafariki, lakini mjomba akaamua kuwaendea wote aliowachomea vitu, waliobaki hai, awaombe radhi. Aliniomba nimsindikize. Wengi walimkaribisha, wakasema yamepita. Kwa Mbeleje haikuwa hivyo.

"Mama, nilitumwa," mjomba akamwambia.

"Punda ndiye hutumwa. Wewe ulikuwa na mdomo."

"Ni kweli."

"Yule Mzungu angekuja peke yake ningemfungulia mbwa. Niliitoa ngoma yangu kwa sababu nilikuona wewe, Chibago, mtoto niliyekubeba. Sasa unalia kwamba umesalitiwa. Lia. Lakini ujue si wewe peke yako."

Jumamosi iliyofuata alikunja kanzu yake ya uinjilisti, akaipeleka kanisani, akaiacha juu ya meza.

Padre alikuja kumuaga alipomaliza utumishi wake nchini. Niliwatengea vigoda chini ya ukuta wenye kivuli, nikabaki karibu nikichambua mboga.

"Stefano, wewe ni rafiki yangu wa kwanza katika nchi hii."

"Nilikuwa."

Padre akainama. "Kwetu siku hizi wanatushutumu. Wanasema tuliharibu mila za watu. Yule kijana alikuwa ananitazama, nikaogopa."

"Ukanitoa mimi kafara."

"Ndiyo."

"Kesho ni Jumapili. Njoo uliseme hilo kanisani, mbele ya Mbeleje. Mimi sitaki kingine."

"Gari linaondoka asubuhi na mapema."

"Basi safari njema, Padre."

Alimsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa mgeni husindikizwa. Padre alipomnyooshea mkono, mjomba alikuwa ameshageuka.

Kanisani aliendelea kwenda, akiketi popote penye nafasi. Ngoma zikilia hakupiga makofi, wala hakutoka nje. Nilimwuliza siku moja kama ana kinyongo na Mungu.

"Na Mungu sina ugomvi. Yeye hajasimama mbele ya watu akasema hanijui."

Baada ya miaka kadhaa zikaja habari kwamba Padre Holimani amefariki huko kwao. Ikafanyika ibada, na mjomba akaombwa aseme neno, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye miaka mingi kuliko wote. Watu walidhani atakataa. Akaenda mbele, akashika ukingo wa meza.

"Alinifundisha kusoma," alisema. "Nilimpenda. Mengine atayajibu mwenyewe huko aliko, na mimi yangu nitayajibu."

Akarudi kuketi.